Ganda la kenkina: dawa iko wapi ndani yake, na inapotea namna gani

Huku kwetu Kivu kidonge chochote tunakiita kinini. Cha kichwa, cha tumbo, cha minyoo, vyote ni kinini. Jina hilo lilitoka kwa dawa moja ya kweli, na dawa hiyo inatoka ndani ya muti ambao wengi wenu muko nao shambani: kenkina. Katika somo hili tutafungua ganda la muti huo tuone ndani muko nini. Mambo mawili yanategemea hapo. La kwanza ni franga munazopata wakati gunia linafika kwa munuzi. La pili ni maisha ya mutoto mwenye palu anayelala nyumbani usiku huu.

Ulizo ambalo wanamemba wananiuliza mara nyingi ni hili: "Agronomu, gunia langu na la jirani yangu ni kilo sawasawa, tena maganda yote ni ya kenkina, kwa nini yake ilikubaliwa na yangu ikarudishwa?" Jibu ni fupi, lakini linaomba maelezo marefu. Munuzi mwenye laboratwari hatafuti ganda. Anatafuta kitu kidogo sana kilicho ndani ya ganda.

Tuanze na kahawa, sababu kila mutu anaijua

Kahawa na kenkina ni za jamaa moja. Watu wa elimu ya mimea wanaziweka katika familia moja, na ukitazama namna majani yanavyokaa mawili mawili kwenye tawi, yakitazamana, utaona ni kweli. Zote mbili ziko na desturi moja ya familia: zinatengeneza vitu vikali ndani ya mwili wao. Kahawa inatengeneza kafeini, ile inayokunyima usingizi ukikunywa kikombe magaribi. Katika mbegu kavu za arabika, gramu 100 ziko na karibu gramu 1 na kidogo ya kafeini. Robusta iko na karibu mara mbili ya hiyo. Hiyo ni moja ya sababu robusta ni chungu zaidi.

Kafeini ni alkaloidi. Kumbukeni neno hilo, tutalitumia mpaka mwisho. Alkaloidi ni kitu ambacho muti unakijenga kwa kutumia azoti, ile azoti tunayotafuta katika samadi na katika mbolea ya dukani. Mara nyingi ni kitu chungu, na kidogo tu kinatosha kugeuza kazi ya mwili wa mutu ao wa munyama. Nikotini ya tumbako ni alkaloidi. Morufini wanayotumia kwa maumivu makali hopitalini ni alkaloidi pia.

Sasa, muti hautengenezi vitu hivi ili kutuponya sisi. Muti hauwezi kukimbia. Mududu akikuja kula ganda, mbuzi akikuja kutafuna majani, muti unajitetea kwa uchungu na kwa sumu. Mutu alikuja kisha, akaona kwamba sumu ile ile, kwa kipimo kinachofaa, inaua pia kitu kinachomutesa yeye. Kwa hiyo mutu akisema "ni dawa ya mimea, haiwezi kuumiza," hajui historia ya dawa yenyewe.

Ndani ya ganda la kenkina muko alkaloidi nyingi, lakini kubwa ni ine: kinini, kinidini, sinkonini na sinkonidini. Kinini na kinidini zimejengwa kwa vipande vile vile, hesabu ile ile. Kinachotofautisha ni namna vipande vimepangwa, karibu sawa na kiatu cha kuume na cha kushoto. Tofauti ndogo hiyo inageuza kazi: kinini ilijulikana kwa palu, na kinidini madaktari waliitumia kwa watu ambao moyo wao unapiga bila mupango. Sinkonini na sinkonidini ni chungu vilevile, lakini hazina bei ya kinini. Kwa hiyo uchungu peke yake hausemi kitu. Nimeona wakulima wanatafuna kipande cha ganda, wanakunja uso, wanasema "hii ni nzuri." Ulimi hauwezi kutofautisha hizo ine, na hauwezi kuhesabu. Mubirizi ni muchungu pia, na hauna kinini hata kidogo.

Tatizo la gunia ni la zamani

Mapadri Wayezuiti walilijua ganda hili katika milima ya Peru katika miaka ya 1600, wakalipeleka Ulaya. Kule walilisaga unga, wakalikunywa na divai. Wengine walipona homa. Wengine hawakupona, hata kama unga ulikuwa na rangi ile ile na uchungu ule ule. Watu waligombana juu ya jambo hilo kwa miaka zaidi ya mia. Sababu tunaijua leo: kenkina si muti wa aina moja, na ganda la gunia moja lilikuwa na dawa, la gunia lingine halikuwa nayo karibu kabisa.

Mwaka wa 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa kinini ndani ya ganda huko Paris na kuiweka peke yake. Tangu siku hiyo munganga aliweza kupima dawa, hakupima tena ganda. Na munuzi pia alianza kupima.

Halafu mbegu. Mwaka wa 1865 muchuuzi Muingereza Charles Ledger alipata mbegu kutoka Bolivia. Aliyezikusanya ni Manuel Incra Mamani, mutu wa kule, aliyejua muti kwa kuutazama tu. Waingereza hawakuzitaka. Waholandi walinunua kidogo, wakapanda katika kisiwa cha Java, wakachagua miti bora miaka na miaka. Miti mingi ya wakati ule ilikuwa na kinini 2 ao 3 kwa 100 katika ganda kavu. Miti ya mbegu ile, ile bora, ilipita 10. Mamani alifungwa na kupigwa sababu ya kazi ile, na kisha akafa. Leo aina hiyo inaitwa ledgeriana, jina la muchuuzi. Mimi naona ingefaa kuitwa kwa jina la aliyeijua, lakini majina ya mimea hayaandikwi na wakulima.

Java ilikuja kutoa karibu kinini yote ya dunia. Wakati Wajapani waliiteka mwaka wa 1942, nchi nyingi zilijikuta bila dawa, na mashamba ya milima yetu ya Kivu yakapata kazi kubwa. Njo hivi muti wa Amerika ulikuja kuwa muti wetu.

Kitu gani kinaongeza kinini shambani, kitu gani kinaiondoa

Kitu cha kwanza ni aina. Ledgeriana iko na kinini nyingi, lakini mizizi yake haivumilii udongo mubaya. Succirubra, ile yenye majani makubwa na ganda lenye kugeuka jekundu, iko na nguvu shambani, lakini kinini yake ni kidogo. Watu wa Java waliona wanaweza kuziunganisha: shina la chini ni succirubra, kichwa cha juu ni ledgeriana. Njo sababu katika pepinieri tunawaambia muchunge ile sehemu iliyounganishwa. Chipukizi likitokea chini ya hiyo sehemu na ukaliacha likue, unafuga succirubra bila kujua. Kisha miaka minane utakata muti mukubwa, muzuri kwa macho, na ganda halina kitu. Ukiona chipukizi la chini, liondoe siku hiyo hiyo.

Kitu cha pili ni umri. Muti mutoto bado haujaweka dawa ya kutosha katika ganda, tena ganda lenyewe ni jembamba. Wengi wanavuna kati ya miaka 7 na 12. Najua kwa nini mutu anakata muti wa miaka 4: masomo ya watoto, mugonjwa, deni. Sitamuhukumu. Lakini ajue kwamba anauza karibu kuni, na asichanganye ganda hilo na la wengine. Nitarudi hapo.

Kinini inakaa katika ganda la shina na katika ganda la mizizi. Majani yana kidogo sana, mbao ndani hazina faida. Ukiacha mizizi udongoni wakati unang'oa shamba lililozeeka, unaacha sehemu ya mavuno yako. Lakini kama unataka muti uchipuke tena, kata juu ya udongo kwa musumeno safi, kwa mukato wenye kuinama ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki.

Maji ni adui wa kenkina akiwa hai na akiwa amekatwa. Shambani, mahali maji yanasimama, kuna ugonjwa wa kuvu unaooza mizizi na kupanda juu katika ganda kama mustari mweusi. Muti unakauka ukisimama. Panda kwenye mutelemko, fungua mifereji, usilete miche kutoka pepinieri yenye ugonjwa, osha jembe kabla ya kuingia shamba lingine.

Kisha kukata, maji yanafanya kazi ingine. Ganda bichi, zaidi ya nusu ya kilo zake ni maji. Likikaa limerundikwa usiku mbili, linapata moto ndani, linaota ukungu, na ukungu unakula dawa. Kwa hiyo piga shina kwa nyundo ya mbao, toa ganda siku hiyo hiyo, litandaze jembamba juu ya vitanda vya kukaushia kama vile vya kahawa, ao juu ya shitingi kama vitanda haviko. Geuza. Funika mvua ikitokea na wakati wa usiku. Usikaushe juu ya moshi jikoni. Ganda liko tayari likivunjika na kutoa sauti, likipindika bado.

Kuna watu wanafikiri ganda lenye maji kidogo linaleta faida kwa sababu linapima zaidi. Tufanye hesabu. Gunia la kilo 50 lenye maji 25 kwa 100 liko na kilo 37 na nusu tu ya ganda la kweli. Gunia la kilo 50 lenye maji 10 kwa 100 liko na kilo 45. Munuzi anayepima unyevu anaona hiyo tofauti katika dakika chache. Na lile la kwanza litaendelea kuoza ndani ya depo, pamoja na magunia yaliyo karibu nalo.

Sasa hesabu ya kuchanganya, hii inahusu kooperative yote. Tuseme muko na magunia 10 ya ganda lenye kinini 6 kwa 100, ya miti iliyounganishwa vizuri, yenye miaka 9. Wanamemba wengine wanaleta magunia 10 ya miti michanga, kinini 2 kwa 100. Depo inamwaga yote pamoja. Laboratwari itasoma 4. Waliongoja miaka 9 wamelipwa kama watu wa 4, na waliokata mapema wamelipwa pia kama watu wa 4. Musimu unaokuja, nani atangoja tena? Kooperative nyingi zinavunjika hapo, bila mwizi hata mumoja. Suluhisho si kuwafukuza wenye miti michanga. Ni kutenga magunia tangu mulangoni.

Taa ya kupima dola

Watu wa kubadilisha pesa wako na taa ndogo ya rangi ya zambarau ya kutafuta dola za bandia. Siku ya mukutano, leteni taa hiyo pamoja na chupa moja ya tonik, kile kinywaji chungu cha madukani chenye kinini kidogo ndani. Zimeni taa zingine, muulike chupa. Kinywaji kitawaka rangi ya buluu. Hiyo ni kinini yenyewe inapokea mwangaza ambao macho hayaoni na kuurudisha kwa rangi ya buluu. Watoto watafurahi, na wazee pia. Lakini musifikiri sasa muko na laboratwari: taa inaonyesha kwamba kinini iko, haihesabu. Tena kinidini inawaka vilevile.

Kwa nini chai ya ganda haiponyi palu kwa uhakika

Najua nyumba nyingi ziko na kipande cha ganda juu ya kabati. Sitaki kucheka mutu. Dawa yenyewe ilianza hivyo. Lakini mufuate hesabu hii.

Wakati munganga anatoa kinini kwa mutu muzima wa kilo 60, anatoa karibu miligramu 600, mara tatu kwa siku, siku saba. Kama ganda lako ni la 6 kwa 100, miligramu 600 ziko ndani ya gramu 10 za ganda kavu. Kama ni la 1 na nusu kwa 100, ziko ndani ya gramu 40. Kwa macho, maganda hayo mawili ni sawa. Na maji ya moto hayatoi yote iliyo ndani, yanatoa sehemu, kulingana na namna ulisaga, maji yalichemka muda gani, chungu kilikuwa kikubwa namna gani. Kwa hiyo mama anayepika ganda hajui kama anampa mutoto robo ya dozi ao dozi mbili.

Robo ya dozi: homa inashuka kidogo, watu wanamushukuru Mungu, vimelea vinabaki katika damu, na siku ya tatu mutoto anarudi na palu kali ya kichwa. Dozi mbili: masikio yanalia, macho yanaona giza, sukari katika damu inashuka, moyo unageuza mupigo. Mutoto mudogo na mama mwenye mimba wanaumizwa zaidi na hiyo sukari inayoshuka. Mambo hayo yanaweza kutokea hata hopitalini, lakini pale kuna mutu wa kupima na kuna seromu ya sukari.

Tena leo kinini si dawa ya kwanza ya palu. Kwa palu ya kawaida, kituo cha afya kinapima kwanza kwa testi ya tone la damu, halafu kinatoa vidonge vyenye dawa mbili pamoja, moja yake ni ya jamaa ya artemisinini. Kwa palu kali wanapiga sindano ya artesunate, na kinini inatumiwa pale artesunate haipatikane. Mutoto akishindwa kunyonya ao kukunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na kifafa, akilala na haamuki, hakuna chai ya kupika. Beba mutoto, uende.

Na artemisia je?

Wengi wamenionyesha artemisia walioipanda nyuma ya nyumba. Dawa yake, artemisinini, si alkaloidi, haina azoti. Inakaa katika vifuko vidogo sana juu ya majani, na kipimo chake kinageuka sana kulingana na mbegu na wakati wa kuvuna. Zaidi ya hiyo, haipendi maji. Muchina Tu Youyou, aliyeipata na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona moto wa kuchemsha unaharibu dawa, akatumia etha, ambayo inachemka karibu na digrii 35 tu. Alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ukiipika katika sufuria unafuata njia ile ile ambayo yeye aliiacha.

OMS ilisema wazi mwaka wa 2019 kwamba haikubali majani ya artemisia, kwa chai wala kwa namna ingine, kuponya ao kuzuia palu. Kuna watu wanasema ni kwa ajili ya biashara ya viwanda. Mimi natazama kitu kimoja: katika nchi jirani, Rwanda na Uganda, watafiti wamekwisha kupata vimelea vya palu vinavyoanza kuvumilia artemisinini. Dawa kidogo kidogo kila siku inafanya kwa vimelea kitu kile kile ambacho dawa ya wadudu iliyopunguzwa kipimo inafanya shambani: wenye nguvu wanabaki, wanazaa. Hiyo munaijua nyinyi vizuri kuliko mutu wa ofisi.

Kazi ya depo musimu huu

Kila gunia linaloingia lipate karatasi yenye kuandikwa kwa kalamu isiyofutwa na maji: jina la mwanamemba, aina ya muti na kama uliunganishwa, mwaka ulipandwa, ganda la shina ao la muzizi, siku lilitolewa. Miti ya chini ya miaka 7 ikae upande wake. Kabla ya gari kuondoka, katibu achukue kiganja kimoja katika kila gunia la loti moja, juu, katikati na chini, achanganye, ajaze mifuko miwili ya karatasi ya karibu gramu 200, aandike namba ya loti na tarehe. Mufuko mumoja uende na mali. Wa pili ubaki ndani ya kabati kavu, umefungwa mbele ya wanamemba wawili wenye kutia sahihi, mpaka malipo yafike; kama hesabu ya munuzi haionekani sawa, muko na ganda la kupimisha mara ya pili.